Soko huria la umeme: Nani atakiangalia kisiwa cha Fundo?
Watetezi wa soko huria la umeme husema sekta binafsi huleta ufanisi. Uganda ililigawa shirika lake la umeme sehemu tatu mwaka 2001, na mwaka 2005 ikaikabidhi kampuni ya Umeme usambazaji. Upotevu wa umeme ulipungua sana, lakini malalamiko ya bei hayakwisha; ilipofika Machi 2025, Serikali iliirejesha kazi hiyo mikononi mwake.

Pemba hutumia umeme unaopita katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na msambazaji ni ZECO. Fundo, kisiwa kidogo kilicho mkabala na Wete, hakina wateja wa kumvutia mwekezaji atafutaye faida. Kwa hiyo, kabla mlango haujafunguliwa, sheria itamke bayana ni nani atakayegharimia visiwa vidogo.