Kwa Waziri wa Afya: Shaba Inayojaa Kwenye Ini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Barua hii inatoka Kongowe ya Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro. Si ile ya Barabara ya Kilwa. Huku shaba inajulikana kwa nyaya za umeme na kwa mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba ya mwilini haina anayeitaja, ingawa kila mla korosho au maini huimeza.

Mwili unaihitaji kidogo mno, miligramu moja hivi kwa siku. Inayozidi, ini huitia kwenye nyongo ikatoke na choo. Wapo wanaozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo ATP7B, iliyotambuliwa mwaka 1993, na kwao njia hiyo imeziba. Shaba hujaa kwenye ini, kisha hufurika hadi kwenye ubongo na macho. Ndio ugonjwa wa Wilson, uliopewa jina la tabibu Kinnier Wilson aliyeueleza London mwaka 1912. Duniani hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 30,000.

Ubaya wake ni kujificha. Mwanafunzi anaharibika mwandiko, ulimi unakuwa mzito, mkono unatetemeka, anakasirika bila sababu. Mtaani watasema amelogwa, au bangi. Mwingine macho yanageuka manjano na tumbo linajaa maji, watu wanaulizana alianza lini kunywa gongo. Hospitalini nako homa ya ini B imezoeleka kiasi kwamba hata daktari hodari anaweza kuishia hapo.

Ombi la kwanza halidai jengo jipya. Taa ya kukagulia macho humwonyesha daktari pete ya kahawia yenye ukijani ukingoni mwa konea, na wengi ambao ubongo wao umeguswa wanayo. Kijana wa namna hiyo akifika Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa, apitishwe chumba cha macho kabla ya kuandikiwa dawa za akili. Kisha shaba ipimwe kwenye mkojo wa saa 24 na seruloplazmini kwenye damu. Sampuli ndizo zisafiri kwenda Dar es Salaam, si mgonjwa na nauli yake.

Dawa zipo. Penisilamini, ambayo John Walshe wa Uingereza aliimeza kwanza mwenyewe kabla ya kuitangaza mwaka 1956, huinasa shaba na kuitoa kwa mkojo. Zinki huizuia utumboni isipenye. Zahanati zinaijua zinki: vidonge vya miligramu 20 vya watoto wanaoharisha. Mtu mzima mwenye Wilson huhitaji miligramu 150 kwa siku, maisha yake yote, chini ya daktari (asiye mgonjwa akiibugia hivyo hivyo, hupungukiwa shaba na damu). Bohari ya Dawa inayofikisha zinki hadi vijijini iagizwe kuweka na akiba ya penisilamini.

Tena, ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama ambao wenyewe hawaumwi, na kila ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Mmoja akigundulika, faili lake liandikwe majina ya nduguze, nao waitwe kupimwa wangali wakicheza mpira.