Karani Asiyesema "Sikuliona"

Mweka hazina wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, bibi mtu mzima niliyemzoea tangu zamani, alinipigia simu alfajiri akisema, "Mwanangu, tumeibiwa," kisha akanieleza kwamba programu ya chama katika kompyuta mpya inafunguka salama usalimini, na jina la faili ni lile lile, lakini ndani hamna mwanachama hata mmoja. Nilimsihi asiandike humo hata herufi moja mpaka nifike, kwa kuwa aghalabu kinachoangamiza mali si ule upotevu wa kwanza, bali ni pupa ya kuutengeneza.

Programu ile ilijengwa juu ya SQLite, hifadhidata aliyoiasisi Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo leo imo karibu katika kila simu tunayoitia mfukoni. Ina tabia moja ambayo mimi, pamoja na kuistahi, siwezi kuitetea: ikiamriwa kufungua faili nayo isilione mahali ilipoelekezwa, basi, isipokuwa imekatazwa mahsusi, huunda jipya lenye jina lile lile, tupu, ikanyamaza. Ni mithili ya karani aliyetumwa ghalani kuleta daftari la madeni, naye, kwa kuona haya kurudi mikono mitupu, akapitia dukani akanunua jipya, akaliandika jina juu, akalitua mezani pa bwana wake. Adabu ya namna hii ni khiyana. Mtengenezaji wa programu anaweza kuagiza kwamba faili lisilokuwapo lisiundwe, na asipoagiza, kwa rai yangu, lawama ni yake, wala si ya yule bibi.

Tulipoifuata njia kamili ya faili lile tuliliona limezaliwa usiku wa jana, na lile la asili limelala katika folda nyingine kabisa. Tukalifungua, wanachama wakatokea wote, ila malipo ya siku mbili za mwisho hayamo.

Hapa sababu ilikuwa nyingine. Tangu mwaka 2010 SQLite inaweza kuyaandika mabadiliko kwanza katika faili la pembeni, ambalo jina lake huishia kwa -wal, kisha ikayahamishia katika faili kuu, kwa kawaida zikitimia kurasa 1,000 au programu ifungwapo. Kijana aliyezinakili kumbukumbu za chama kutoka kompyuta ya zamani alilibeba faili kuu hali programu ingali wazi, na lile la pembeni akaliacha, akidhani ni takataka. Tuliiwasha kompyuta ya zamani, tukaifungua programu na kuifunga kwa taratibu, faili la pembeni likatoweka kwa kuwa yaliyomo yalikwisha hamia kwao, ndipo tukanakili upya.

Bibi akazitoa stakabadhi zake mkobani, akazilinganisha moja moja na kioo cha kompyuta hata zikatimia. Nilitaka kulifuta lile faili tupu. Akanizuia, akalibadili jina mwenyewe, akaliita "Mwongo".