Baraka: Pampasi moja inaweza kuwa labo ya shule

Mwanafunzi wa biokimia huku kwetu Fizi anaweza kufika kwenye Egzetat bila kushika hata chombo kimoja cha labo. Mimi mwenyewe nilimaliza sekondari hivyo: fomula ubaoni, chaki, basi. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni bure, watoto wamejaa madarasani, lakini vyombo vya sayansi havikufuata.

Sasa chukua pampasi ya mtoto, ile ya sokoni. Ndani ya pamba yake kuna unga mweupe. Ukung'ute unga huo ndani ya kikombe, umwage maji, ngojea kidogo. Inakuwa uji mzito; hata ukipindua kikombe hakuna kinachomwagika. Unga huo ni polimeri, minyororo mirefu yenye kubeba sodiamu. Maji yanaifuata sodiamu hiyo ndani, minyororo inatanuka. Gramu moja inaweza kunywa gramu mia kadhaa za maji masafi.

Halafu mwalimu atie kijiko cha chumvi. Uji unalegea, maji yanatoka, kwa sababu sasa chumvi iko nje pia na inayavuta.

Hapo ndipo mambo ya shamba yanaingia. Kuna wanaochanganya geli kama hiyo na udongo ili maji yakae karibu na mizizi. Mwaka 2016, Kiara Nirghin, msichana wa Afrika Kusini wa miaka 16, alishinda shindano la sayansi la Google kwa geli ya maganda ya machungwa na avoka, nchi yake ikiwa katika ukame. Ni vizuri. Lakini geli haileti mvua, na mbolea nyingi za dukani nazo ni chumvi: zinapunguza nguvu ya geli kama kile kijiko. Mtoto aliyeona hilo kwa macho yake, mchuuzi hatamdanganya kirahisi.

Pampasi iwe mpya, jamani! Unga usiingie machoni wala puani. Zile shanga za rangi zinazovimba majini ziwe mbali na wadogo, zikimezwa zinaweza kuziba utumbo. Na uji huo usitupwe ziwani, hauozi haraka.

Nani atanunua? Kuna walimu ambao serikali haijawaweka bado kwenye orodha ya mishahara. Kuwaomba franga za pampasi ni kuwaonea. Kamati za wazazi zinakutana masomo yakianza, mwezi wa tisa. Swali hili liwekwe mezani.