Namba ya biashara isiwe mali ya mtu mmoja

Biashara nyingi zinazovuka mipaka ya Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo huendeshwa kwa simu ya mkononi. Bei ya mchele hupatanwa kwa simu, dereva huulizwa alipofika kwa simu, wakala wa forodha huomba hati iliyokosekana kwa simu, na malipo huingia kwenye simu hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi simu hiyo ni ya mtu, si ya biashara.

Hasara yake inajulikana sokoni. Mwenye duka akivuka mpaka huzima laini ya nyumbani kwa kuogopa gharama na kuweka ya huko. Tangu saa hiyo wateja hawampati. Wakala akimtafuta kuhusu lori la nyanya lililokwama, simu haipatikani, na nyanya hazingoji. Karani aliyekuwa akipokea oda kwa laini yake akiacha kazi, huondoka na wateja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo daftari la wafanyabiashara wengi limo ndani ya simu ya mtu mwingine.

Kampuni kubwa zimeiona hatari hii mapema. Zimeunganisha simu za mkononi za wafanyakazi na simu za ofisini katika mfumo mmoja. Mteja hupiga namba moja. Isipopokewa mezani, huita mkononi mwa mhusika hata akiwa barabarani. Naye akipiga, inayoonekana ni namba ya kampuni. Mfanyakazi akiondoka, namba hubaki.

Mfanyabiashara mdogo hahitaji mitambo ya gharama ili aanze. Kwanza, atenge laini ya biashara na kuisajili kwa jina lake au la kampuni, si la karani. Pili, huduma ya kuelekeza simu kwenye namba nyingine ipo hata kwa simu za kitochi, hivyo msaidizi anaweza kupokea bosi akiwa safarini. Ila aulize bei kwanza, kwa kuwa simu ikielekezwa kwenye laini ya nchi nyingine, gharama ya kuivusha humwangukia mwenye namba ya duka. Tatu, WhatsApp Business huruhusu namba moja kutumika kwenye simu moja na vifaa vingine vinne, hivyo oda huonekana dukani na ghalani kwa wakati mmoja, na kifaa kikipotea huondolewa. Namba ya siri ya kutolea pesa isigawiwe mtu. Kushirikiana kupokea oda si kushirikiana mkoba.

Hata hivyo, busara ya mfanyabiashara pekee haitoshi ikiwa simu bado inatozwa kwa kuvuka mpaka. Njia ya kuondoa tozo hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mteja wake akapokea simu bila malipo katika nchi zote tatu. Kuanzia mwishoni mwa 2014, Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini zilianza kutekeleza mpango wa kufuta malipo ya kupokea simu na kuweka ukomo wa senti 10 za Marekani kwa dakika kwa anayepiga. Tanzania na Burundi hazikuwamo katika mwanzo huo.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Soko hilo halitakuwa la pamoja ikiwa muuzaji hapatikani kila avukapo mpaka. Mamlaka za mawasiliano zihakikishe unafuu huo unafika katika kila nchi mwanachama na unahusu bando la intaneti, si dakika za kupiga tu. Kampuni za simu nazo zibandike bei zake wazi katika kila kituo cha mpakani, ili mfanyabiashara ajue gharama kabla ya kuvuka, si baada ya salio kuisha.