BWANA SHAMBA ANASEMA: KISUKARI HAKIPIMWI KWA DAMU TU



Mwezi huu sitasema habari za mbolea. Nitasema habari za afya ya mkulima mwenyewe. Shamba halilimwi na mtu aliyelala kitandani.

Mtu mwenye kisukari ana sukari nyingi mno katika damu. Ugonjwa huu kwa kawaida hudumu maisha yote. Lakini anayejitunza anaweza kuishi miaka mingi, akalima na kulea watoto wake.

Zahanati humtoboa mgonjwa kidole na kupima damu. Kipimo hicho ni cha lazima. Lakini hakionyeshi mgonjwa anawaza nini. Mgonjwa humwona mganga siku moja tu. Siku nyingine zote hujiuguza mwenyewe. Kwa hiyo mawazo yake nayo yapimwe.

Mawazo hupimwa kwa kuuliza. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani walitoa orodha ya sentensi 33 kuhusu kisukari. Mtu husoma kila sentensi, kisha husema kama anaikubali au anaikataa. Majibu humwonyesha mwalimu wa afya aanzie wapi kufundisha.

Nasi tujipime. Someni sentensi hizi katika kikundi. Kila mtu aseme: nakubali, au sikubali.

1. "Nikijisikia mzima, naweza kuacha dawa."
Ukikubali, uko hatarini. Sukari huweza kuzidi bila kukuumiza. Huharibu macho, figo na mishipa polepole. Usiache dawa bila kuambiwa na mganga.

2. "Kidonda kidogo mguuni si kitu."
Kisukari huweza kuifanya miguu ife ganzi. Mtu huchomwa na mwiba asisikie. Kidonda kikioza, mguu huweza kukatwa. Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Osha, kisha kausha. Vaa viatu shambani. Ukiona kidonda, nenda zahanati mapema.

3. "Mgonjwa apikiwe chakula chake peke yake."
Si lazima. Ugali kidogo, mboga za majani nyingi, maharage, na chai isiyo na sukari huifaa nyumba nzima.

4. "Kisukari ni aibu. Majirani wasijue."
Anayetumia insulini huweza kupungukiwa sukari ghafla. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa. Jirani anayejua humpa upesi maji yenye sukari. Asiyejua hudhani amelewa, akamwacha njiani. Lakini aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usimkaripie. Muulize: "Jambo gani linakushinda?" Pengine ni nauli ya kwenda kliniki. Pengine ni hofu ya sindano. Pengine anadhani amerogwa. Mganga akilijua jambo hilo, ataweza kumshauri.

Ndugu mgonjwa, siku ya kliniki usipeleke kidole tu. Peleka na maswali yako.