Waya rahisi, juisi ghali

Ndugu zetu wa Vaughan mnaovuta sigara ya umeme, hasa vijana wa mjengo, hesabu yenu tumeisikia. Koili za dukani mmezikataa, mnasokota waya wenyewe kwenye bisibisi ndogo, mnapitisha utambi wa pamba, mnadondoshea juisi. Koili inawatoka kwa senti tu. Hapo mko sawa, na kazi ya mikono hatuidharau.

Ila serikali haikufuata waya, imefuata juisi, hata ile isiyo na nikotini. Tarehe 1 Julai 2024 Ontario iliweka ushuru wake juu ya ule wa Ottawa. Kwa viwango hivyo, mililita 10 za kwanza za chupa zinabeba dola 11.20, na kila 10 zinazofuata dola 2.24. Chupa ya mililita 60 ina ushuru wa dola 22.40, bado bei yenyewe na HST. Na mashine ya kudondoshea inakunywa kwelikweli! Chupa moja kwa wiki ni karibu dola 90 za ushuru mtupu kwa wiki nne. Sisi hiyo hatuiiti akiba, hiyo ni pesa ya mama nyumbani.

Kwa ambaye hajaacha: pima omu kabla ya kubonyeza. Kwenye mashine isiyo na kidhibiti, koili ya omu 0.1 na betri moja iliyojaa, volti 4.2, inavuta ampea 42. Betri nyingi haziwezi, zinaweza kulipuka. Omu 0.5 inavuta kama 8 tu. Na betri ya ziada isikae mfuko mmoja na misumari au sarafu.