Kujirudia Si Kuitwa

Kila milipuko ya mawimbi ya redio kutoka mbali angani inapojirudia, mitandao hujaa kauli ile ile: kuna viumbe wanatuita. Hoja ya wanaosema hivyo ni kwamba kitu kisicho na akili hakiwezi kufuata ratiba. Siikubali hata kidogo. Bahari hujaa na kupwa kwa saa zinazojulikana, na hakuna mvuvi anayedhani mwezi unamtumia salamu.

Milipuko hii ilitambuliwa mwaka 2007, pale Duncan Lorimer na wenzake walipopekua rekodi za mwaka 2001 za darubini ya Parkes, Australia. Mlipuko mmoja huchukua sehemu chache tu za elfu za sekunde, na vyanzo vingi vimesikika mara moja basi. Lakini kimoja, kilichonaswa na darubini ya Arecibo huko Puerto Rico mwaka 2012, kilibainika miaka minne baadaye kuwa kinarudia. Hilo lilitufundisha jambo zito: chanzo hakikuangamia kwa mlipuko wake. Dhana ya nyota mbili kugongana na kuisha haikuweza tena kukielezea.

Wanaong'ang'ania viumbe hupenda kutaja chanzo kingine, cha umbali wa miaka ya nuru milioni 500 hivi, chenye mzunguko wa siku 16. Wanachokiacha ni kwamba milipuko yake hutokea ndani ya siku kama 5 za kila mzunguko, na mizunguko mingine hupita kimya kabisa. Nyota inayozungukana na mwenzake, au inayoyumba kwenye mhimili wake, inaweza kufanya hivyo bila kuamriwa na yeyote.

Tena tunaye shahidi wa karibu. Tarehe 28 Aprili 2020, darubini ya CHIME nchini Kanada na antena za STARE2 nchini Marekani zilinasa mlipuko wa redio kutoka ndani ya galaksi yetu, na wakati huo huo setilaiti zikaona mlipuko wa eksirei kutoka pale pale. Palikuwa na magneta: mabaki ya nyota iliyokufa, uzito unaozidi ule wa jua umebanwa ndani ya tufe la upana wa kilomita 20 hivi, lenye usumaku wa kutisha. Hakuna kiumbe aliyehitajika.

Fumbo halisi lipo, na linaniuma kuona linafunikwa na hadithi. Chanzo kimoja kinachorudia kimepatikana karibu na galaksi ya M81, katika kishada cha nyota kongwe mno. Magneta hudhaniwa kuwa changa, na nyota kubwa zinazozizaa kwa kufa zilikwisha pale mabilioni ya miaka iliyopita. Je, nyota kibete nyeupe, yaani masalia ya nyota ndogo zaidi, ilijikusanyia uzito hadi ikaporomoka na kuwa magneta? Au mbili za aina hiyo ziliungana? Swali hilo ndilo ningependa kulisikia likibishaniwa.